Siku Tano Zetu, Siku Tano Zao

3 Novemba, siku ya Manis

Mkunga amenipa daftari hili niandike mwanangu Kinasih anakula nini na analala vipi. Haya. Leo amekula uji wa wali na ndizi; nusu ameumeza, nusu ameupaka kwenye nywele zake na zangu. Amelala vizuri. Kurasa ni nyingi kuliko uji, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri. Siku zetu tano za juma la soko, Manis, Pahing, Pon, Wage na Kliwon, zimeanza leo, na mgema wetu, Babu Sanmirja, ameleta tembo tamu asubuhi na jioni. Ameegemeza mianzi yake ya kukingia tembo mlangoni, akasema yale anayosema kila mara: "Lako hilo, Mama Kinasih. Usiliunguze." Minazi ni yetu, miguu ni yake. Kwa siku tano tembo ni letu, nalichemsha mimi mpaka liwe sukari guru. Siku tano zinazofuata ni lake, na mkewe, Bibi Daslem, analichemsha kwao. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mama mkwe, Mungu amrehemu, na hakuna aliyewahi kuliandika jambo hilo popote.

5 Novemba, Pon

Sukari imeganda vizuri ndani ya vifuu. Kinasih ana jino la tatu.

6 Novemba, Wage

Leo nimeambiwa kwamba mimi ni mwajiri.

Dada Hesti wa ushirika amekuja na pikipiki iliyojaa matope hadi kwenye usukani. Nilidhani amekuja kupima sukari. Kumbe amekuja na maswali.

"Mama Kinasih, minazi hii ni ya nani?"

"Ya baba Kinasih. Mama yake alituachia."

"Na anayepanda?"

"Babu Sanmirja. Unamjua, mbona unauliza?"

"Nauliza kwa sababu natakiwa kuuliza. Mkataba wenu uko wapi?"

"Mkataba wa nini, dada? Tunajuana."

"Ana bima ya ajali?"

Nikampangusa Kinasih mdomo. Akaandika kitu.

"Basi kisheria mwajiri ni wewe," akasema.

Nikageuka kutazama nani kasimama nyuma yangu. Alikuwepo kuku peke yake.

Dada Hesti si mkali. Amenieleza taratibu huku anampa Kinasih ufunguo wa pikipiki autafune. Mwaka jana mgema wa kijiji cha juu alianguka. Mwenye minazi akasema, huyu si mfanyakazi wangu. Ushirika nao ukasema, wala si wetu. Mjane akabaki katikati, hana wa kumshika. Ndiyo maana sasa kila mwenye minazi awe na makubaliano ya maandishi na mgema wake, na kila anayepanda awe na bima. Na jiko la sukari lisiwe na kuku wala mtoto. Mvua zikiisha, mwezi wa tatu, atakayekuwa hajakamilisha, ushirika hautachukua sukari yake.

Nimemweleza mume wangu, Rasman, aliporudi kutoka gereji yake. Amevua kofia, ameinama. "Bosi, naomba ruhusa nikaoge."

14 Novemba, Pahing

Nimemwambia Babu. Nilisubiri anywe kahawa kwanza, lakini maneno yakanitoka kabla hajaishika.

"Mwajiri nani?" akauliza.

"Mimi, Babu. Ndivyo wanavyosema."

"Wewe! Nilikuona ulipoletwa hapa bibi harusi, umelia mpaka wanja ukafika kidevuni." Akacheka, na mimi nikacheka. "Sawa. Na siku tano zangu je? Nani mwajiri wa nani?"

"Sijui, Babu."

"Maana siku tano mimi ni kibarua wako, siku tano wewe unanikodisha minazi. Sasa tukikutana sokoni tusalimiane vipi? Nani amwamkie mwenzake?"

Alikuwa bado anacheka. Lakini kahawa ameiacha pale pale, haijaguswa, na kwa kawaida huwa analamba hata mashapo.

15 Novemba, Pon

Nimemwomba kitambulisho ili Dada Hesti atoe nakala. Amesema mbuzi wake amekila.

22 Novemba, Kliwon

Dada Hesti amerudi. Nimemwambia habari ya mbuzi. Amekwenda kumuuliza Babu mwenyewe, na huko ameambiwa kitambulisho kiko kwa binti yake, mjini Purbalingga.

"Na mbuzi?" nimemuuliza Babu jioni.

"Mbuzi alikula nakala."

1 Desemba, Wage

Mvua, mvua, mvua. Tembo ni jepesi kama maji ya kuoshea mchele na kuni zinatoa machozi badala ya moto. Siku zetu zilizopita sukari yangu ilikataa kuganda, ikalala ndani ya vifuu kama uji wa Kinasih. Nikaona aibu. Leo ni siku zao, na Bibi Daslem amekuja na bakuli chini ya mwavuli. "Nionyeshe yako nikuonyeshe yangu," akasema. Yake ilikuwa mbovu kuliko yangu! Tumekaa jikoni tukailamba kwa vidole, bibi na mimi na Kinasih, tukacheka mpaka Rasman akaja kuuliza kuna nini.

Kuna jirani amenishauri nitie unga mweupe wa dukani ili igande. Nimekataa. Mimi nina chokaa na maganda ya tunda la manggis ya kuzuia tembo lisichachuke, na mtoto huyu huyu anailamba sukari.

9 Desemba, Pahing

Ukaguzi wa jiko. Rasman alikuwa ametengeneza uzio mdogo wa mianzi nje ya mlango, Kinasih akae humo nikichemsha, anione lakini asifike kwenye karai. Dada Hesti alipofika, Kinasih alikuwa jikoni chini ya meza, na ndani ya uzio alikuwa kuku, ametulia, anataga.

"Naona mmeanza," akasema Dada Hesti.

10 Desemba, Pon

Kinasih amesimama! Ameshika uzio, amesimama, ametutazama kama karani wa ofisi, kisha kakaa tena.

21 Desemba, Wage

Kitambulisho sasa kimesombwa na mto.

Nimekasirika. Naandika hivi ili nisimwambie mtu. Kumpenda Babu nampenda, lakini ni mzee mkaidi na anajifikiria yeye tu. Wenye minazi wenzangu wameshakamilisha. Hata Mama Tarwen, ambaye wagema wake hawamwamkii, amekamilisha. Ushirika ukikataa sukari yetu itabidi tumuuzie mchuuzi wa barabarani anayebonyeza mzani kwa goti. Na miti imeshaanza kuota ukungu. Kila asubuhi namsikia akipanda: mianzi inagongana kiunoni mwake, ko, ko, ko, na kwa mlio huo najua yuko kidato cha ngapi kati ya vile vilivyochongwa mtini. Nachochea moto huku masikio yangu yakiwa juu ya mnazi.

Nimemwambia Rasman, "Kwa nini tusipande wenyewe? Baba yako si alikuwa mgema?"

Alinitazama kwa huruma. Anajua kwamba najua. Alipokuwa kijana alipanda mara moja, akafika kidato cha nne, akakumbatia mti, akamwita mama yake. Babu Sanmirja ndiye aliyepanda nyuma yake, akamshusha mguu mmoja mmoja huku anamwimbia. Mpaka leo Rasman akibadilisha balbu mimi namshikia stuli.

28 Desemba, Manis

Kinasih ana kikohozi kidogo, usiku amelala. Mvua.

5 Januari, Wage

Kinasih amelala, sasa naweza kuandika.

Asubuhi mvua ilikuwa ya manyunyu. Kinasih nilimfunga mgongoni, nilikuwa nachuja tembo la mnazi wa kwanza. Babu alikuwa kwenye mnazi wa tatu, ule mrefu ulioinamia mfereji. Ko, ko, ko. Ko, ko. Halafu kimya. Nikajiambia anapumua. Halafu nikasikia mianzi ikianguka, mmoja, na mwingine, inagonga mti inaposhuka.

Nilikimbia bila viatu. Alikuwa katikati ya mti, juu kuliko paa la nyumba. Mguu mmoja umeteleza na mwingine umebanwa kwenye kidato, umejipinda, naye amekumbatia mti kwa mikono miwili, shavu limegandamana na gome.

"Babu!"

"Niko," akasema. Sauti ndogo. "Usipige kelele, utamtisha mtoto."

"Unaweza kushuka?"

"Mguu hautaki."

Sijui niliita vipi, lakini watu wa gereji wanasema walinisikia kuliko injini. Rasman alifika na spana mkononi. Akatazama juu. Nikaona uso wake umekuwa rangi ya jivu. Nilitaka kusema, nenda kamwite mtu. Lakini nani? Wagema wote walikuwa juu ya minazi yao, saa hiyo hiyo, mvua hiyo hiyo.

Akaniwekea spana mkononi. Akavua ndala, akazipanga pamoja vizuri, kama anaingia msikitini. Akapanda.

Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne akasimama. Akakumbatia mti. Babu kutoka juu akasema, "Nani huyo?"

"Rasman, Babu."

"Uongo!"

"Kweli, Babu."

"Basi usitazame chini. Chini hakuna kitu, yuko mkeo tu."

Akaendelea. Mimi nimesimama chini na spana na mtoto, nikakumbuka kwamba leo ni siku zetu. Tembo lile lilikuwa langu. Angeanguka, angeanguka kwa ajili ya karai langu, na mimi sina karatasi, yeye hana karatasi, na ningekwenda kwa Bibi Daslem nimwambie nini? Tunajuana? Tangu Dada Hesti aliponiita mwajiri nimekuwa nalicheka neno lile. Pale chini ya mti halikunichekesha. Nililiona ni neno la mtu anayetakiwa kujua atasema nini.

Rasman alimfikia. Akautia mguu wa Babu begani kwake, akauchomoa taratibu kwenye kidato, wakaanza kushuka, mmoja juu ya mwingine, na Rasman alikuwa anaimba. Ule wimbo. Bila sauti nzuri, meno yanagongana, lakini anaimba.

Walipogusa ardhi Babu alikaa kwenye matope, akamtazama. "Umepita kidato cha nne," akasema. Rasman akaenda nyuma ya mti akatapika.

Mfupa haukuvunjika. Kifundo kimevimba kama kitunguu.

6 Januari, Kliwon

Nimempelekea Babu mchuzi wa kuku (kuku yule wa ukaguzi, maskini). Alikuwa amelala. Bibi Daslem akanivuta nje, chini ya makuti, akasema kwa sauti ya chini.

"Kitambulisho ninacho mimi. Kiko ndani ya pipa la mchele."

"Kwa hiyo mbuzi..."

"Mbuzi yule hata nyasi anachagua." Hakucheka. "Mjukuu wangu, bima yenu inataka mtu asiwe amepita miaka sitini na mitano. Yeye kapita. Kuna mwenzake huko ng'ambo ya mto alipeleka kitambulisho, akaambiwa ashuke, kesho yake mnazi wake akapewa mtu mwingine. Sasa anakaa barazani anahesabu pikipiki. Babu yako anasema, karatasi ile ikisomwa tu, nimeisha."

Nimerudi nyumbani nikafungua daftari hili, nikasoma niliyoandika tarehe ishirini na moja. Mkaidi. Anajifikiria yeye tu. Sikuyafuta maneno hayo. Yamebaki, ili niyaone.

17 Januari, Manis

Nimemwachia Rasman mtoto, nimekwenda mwenyewe ofisi ya ushirika, nimevaa mtandio wa Idi. Nimemweleza Dada Hesti yote. Nilidhani labda atafumba jicho moja. Ameshika kichwa.

"Mama Kinasih, nikifumba jicho, akianguka, nitalifumbua vipi?"

"Kwa hiyo ashuke?"

"Asipande. Anayepanda lazima awe na bima, na bima haimpokei. Hapo sina njia." Akanisogezea chai. "Lakini sheria haisemi mzee asigeme. Inasema kuhusu kupanda. Akigema miguu yake ikiwa chini, nahitaji makubaliano tu, na wala si ya mwajiri na kibarua. Kuna makubaliano ya kugawana mazao, mwenye shamba na mshirika wake. Hiyo tano kwa tano yenu inaingia humo kama ilivyo."

"Dada, mnazi unagemwaje miguu ikiwa chini?"

"Hilo," akasema, "ndilo nisilolijua."

18 Januari, Pahing

Hakuna tembo. Minazi imenyamaza. Sikujua kama nyumba inaweza kuwa kimya namna hii wakati mvua inanyesha.

19 Januari, Pon

Babu ameomba aletwe kwa pikipiki aitazame minazi yake. Alikaa barazani kwetu. Aliihesabu kwa kidole, kisha akasema, "Ule wa tano karara lake la maua limekomaa. Litapasuka bure." Nimemkaangia tempe ya soya, ile laini anayoipenda, ya moto na pilipili mbichi. Amekula kipande kimoja.

2 Februari, Pahing

Kinasih ametembea! Na si hilo tu. Naandika haraka kabla moto haujazimika.

Mvua ilipumzika, nikampeleka kando ya mfereji, ilipo minazi ya manjano. Ni ile mifupi, ya madafu, ambayo mama mkwe aliipanda safu nzima mwaka Rasman aliponioa. Kila mjamzito hapa hunywa dafu la manjano ili mtoto atoke na ngozi safi, na mama mkwe alikuwa na mtoto mmoja tu, kwa hiyo akapanda kwa ajili ya wajukuu. Alitegemea wengi! Safu inaanzia kwenye kisima inafika kwa jirani. Sisi tumempa mmoja, na yeye hakumwona. Madafu yanaanguka yenyewe, watoto wa shule wanapigia mpira. Hakuna aliyewahi kuigema. Karara, kile kikonyo cha maua kinachotoa tembo, likigemwa halizai, na nani ageme dafu la mjamzito?

Basi Kinasih akaniachia mkono. Hatua moja, ya pili, akayumba kama bata, akaenda moja kwa moja kwenye mnazi wa karibu, akainua mikono na kushika ncha ya karara jipya lililoinamia chini. Akalivuta. Akacheka.

Mimi nikasimama. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka ameshika karara la mnazi, miguu iko chini.

Nimembeba, nimekimbia hadi gereji. Rasman akadhani kuna mtu juu ya mti tena.

10 Februari, Kliwon

Babu amekataa. Amekuja na fimbo kuniambia hivyo.

"Hiyo ni minazi ya wajawazito. Mama mkwe wako aliipanda kwa mkono wake. Nikiigema, akiniota nimwambie nini?"

"Mwambie wajukuu wamechelewa," akasema Rasman.

"Wewe nyamaza, hujui kitu. Na tena mgema asimame chini? Watu wataniona nakamua mnazi kama mbuzi!"

Bibi Daslem alikuwa nyuma yake na mwavuli. Alimwacha amalize yote. Halafu akasema, "Sanmirja." Sijawahi kumsikia akimwita jina hivyo. "Miaka yote hii ukipanda, mimi nakaa jikoni na kuhesabu mianzi inavyogonga. Ikigonga, nachochea. Ikinyamaza, nasimama. Nimechoka kusimama. Kamua kama mbuzi."

Kumbe na yeye husikiliza. Nilidhani ni mimi tu.

Babu alitazama fimbo yake. Kisha akatembea taratibu kando ya mfereji, akashika karara la kwanza, akalibonyeza kwa kidole gumba kama daktari. "Hm," akasema. "Bichi kidogo." Akaenda kwenye la pili.

14 Februari, Wage

Babu anamfundisha Rasman. Makarara yanafungwa, yanagongwa taratibu, yanainamishwa kila siku kidogo. Miti mingine imepita urefu wa mtu, kwa hiyo Rasman anasimama juu ya benchi la jikoni.

"Mkono mwepesi! Unakaza kama boliti!"

"Benchi linacheza, Babu."

"Benchi halichezi. Ni wewe."

Kinasih yuko ndani ya uzio anapiga makofi. Kuku mpya yuko nje. Hatimaye.

27 Februari, Pahing

Tembo! Si haba, na tamu. Nimelichuja, nimelichemsha. Limeganda likawa na rangi ya asali, na mpasuko mzuri katikati. Kipande cha kwanza nimempelekea Bibi Daslem. Amekiweka ulimini, amefumba macho. "Cha wajawazito," akasema. "Kitamu hivi, watu wataanza kuzaa ovyo."

8 Machi, Manis

Makubaliano yamesainiwa leo, barazani kwetu, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na Dada Hesti. Mwenye minazi, Rasman na mkewe. Mshirika mgema, Sanmirja. Siku tano kwetu, siku tano kwao, kama zamani. Minazi mirefu haipandwi tena, itazaa nazi. Babu alitoa kitambulisho mfukoni mwenyewe, kinanukia mchele.

"Mto umekirudisha?" akauliza Dada Hesti.

"Mto wetu una adabu."

Kabla ya kusaini akadai kiongezwe kifungu. Kila asubuhi ya siku zetu tano, mwenye minazi ampe mshirika kahawa na tempe ya kukaanga, ya moto. Dada Hesti akacheka. Babu hakucheka.

"Si mlisema kila kitu kiandikwe?"

Kikaandikwa. Nimesaini mimi pia, jina langu lote, Turyati, kwa herufi kubwa. Rasman naye ameomba akatiwe bima. Dada Hesti akamweleza kwamba aliye chini hahitaji. "Dada," akasema Rasman, "wewe hujapanda benchi lile." Wamemkatia.

15 Machi, Pon

Leo hakuna mvua, wala jana. Matope ya njiani yameanza kupasuka. Gari la ushirika limechukua sukari yetu na ya Bibi Daslem pamoja.

Jioni wote wanne tulipita kando ya mfereji, na Kinasih mbele yetu anaanguka na kuinuka. Babu na Rasman walikuwa wanafunga makarara mapya, mti kwa mti, wakibishana. Walipofika wa mwisho, ule wa kisimani, Babu aliinua kamba.

"Huo uacheni," akasema Bibi Daslem.

"Kwa nini? Ndio wenye karara zuri kuliko yote."

"Uacheni uzae."

Babu akamtazama. Rasman akamtazama. Bibi alikuwa ananitazama mimi, na mkono wangu uliokuwa umejiweka tumboni, wala sijui umejiweka pale tangu saa ngapi. Sijamwambia mtu. Hata Rasman nilitaka nimwambie leo, baada ya chakula.

Babu akazungusha kamba taratibu, akairudisha begani. "Haya, Mama Kinasih," akasema. "Huo wako. Usiuunguze."